Nyumba ya Mia na Tatu

Katika nyumba mia na tatu ambazo Apeduno alizitembelea kila mwezi mtaani Burumba, ni moja tu aliyokuwa akiiandikia uongo, nayo ilikuwa yake mwenyewe.

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Fomu ya wahudumu wa afya ya jamii, iliyokuwa ndani ya simu waliyopewa kwa ajili ya kazi, ilikuwa na swali la kumi na nne: je, kila mtu wa nyumba hii anatumia choo? Kwa watu wengine Apeduno aliliuliza bila kupepesa jicho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye angeweza kulitamka neno kinyesi mbele ya mchungaji, mbele ya mawakala wa forodha waliofunga tai, hata mbele ya madereva wa malori wakiwa katikati ya ugali wao. Lakini ilipofika zamu ya nyumba yake, alikaa ukingoni mwa kitanda, akabonyeza "ndiyo" upesi kama mtu anayeua mbu, kisha akaificha simu chini ya mto.

Sababu ilikuwa mzee Okwakol, baba ya mumewe. Alikuwa ametoka Amukura miezi mitano iliyopita kuja kutibiwa goti. Goti lilipona, mwenyewe akabaki. Kwa miaka ishirini na saba mzee huyu alikuwa ameinua na kushusha kizuizi cha barabara pale mpakani Malaba, na hata baada ya kustaafu alitembea kama mtu ambaye nyuma yake kuna foleni ya malori. Alikuwa mpole, alipenda mjukuu wake Sharlyne kupita kiasi, na kila alipomaliza kula alisema "eyalama", ndiyo asante ya kwao, kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni.

Shida ni kwamba ploti yao ilikuwa na familia nne na choo kimoja. Na kwa malezi ya mzee Okwakol, baba mkwe hawezi kuingia choo anachoingia mke wa mwanawe. Hata jirani zao Waluhya walijua hivyo; halikuwa jambo la kuelezwa. Asubuhi ya kwanza tu mzee alichukua fimbo na redio yake ndogo, akatangaza kwamba anaenda kusikiliza habari mahali penye mawimbi mazuri, akaelekea upande wa kijitoni. Alirudi baada ya saa nzima akiwa mtulivu. Tangu siku hiyo alienda kusikiliza habari kila asubuhi, na wakati mwingine, akila maharagwe, hata jioni. Kila mtu kwenye ploti alielewa. Hakuna aliyesema.

Apeduno naye hakusema. Mkaza mwana hamtazami baba mkwe machoni, hapeani naye mkono, hakai kiti alichotoka kukikalia. Angeanzaje kumuuliza habari za choo?

* * *

Mwezi wa tano mvua ilinyesha kwa fujo, kisha bomba la maji la mtaa likapasuka na kukaa hivyo karibu mwezi mzima. Watu wakarudi kuchota kwenye kisima cha chini, karibu na matete ya kijitoni. Wiki hiyohiyo watoto wakaanza kuhara.

Kwenye zahanati kulikuwa na ubao mweusi ambao Nabwire, muuguzi aliyewasimamia wahudumu wote wa wadi, aliandikia hesabu za magonjwa kila Jumatatu. Malaria ilikuwa palepale. Kikohozi kilikuwa kimeshuka. Kuhara kulikuwa kumi na moja, kukawa kumi na tisa, na Jumatatu ya tatu Nabwire akaandika thelathini na mbili, akapigia mstari mara mbili hadi chaki ikavunjika.

Aligeuka akamtazama Apeduno. Wagonjwa ishirini na sita kati ya hao walitoka upande wake. Nabwire hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume. Alifungua simu, akasoma fomu za Apeduno mbele ya wenzake kumi na wanane. Nyumba mia na tatu. Choo, ndiyo. Choo, ndiyo. Choo, ndiyo.

"Kwa fomu zako, Apeduno, hakuna mtaa msafi Kenya hii kama wako," alisema. "Sasa niambie, hawa watoto wanahara nini? Usafi?"

Wenzake wakacheka. Apeduno naye akacheka kidogo, kwa sababu kutocheka kungekuwa kukiri. Nabwire akampa siku nne atafute chanzo.

Hakuhitaji nne. Alianza na nyumba zenye wagonjwa, akauliza maji wanachota wapi, na wote wakajibu kisima cha chini. Akashuka kijitoni. Kisima kilikuwa kimefunikwa vizuri na mbao. Lakini juu yake, kwenye mteremko, kulikuwa na kichaka cha matete na njia nyembamba iliyokanyagwa ikang'aa kama sakafu. Apeduno aliifuata huku ameziba pua na kanga. Ndani alikuta mawe sita yaliyopangwa nusu duara, kila moja limetenganishwa na jingine kwa heshima ya kutosha, vipande vya magazeti, njiti za kiberiti, na betri mbili kuukuu za redio.

Winny, mwanamke aliyekuwa akiuza omena kando ya njia ile, alimwambia bila wasiwasi kwamba hapo panaitwa Bunge. Ni wazee sita, alisema, karibu wote wanakaa kwa vijana wao. Wanafika alfajiri, wanajadili nchi, wanafunga kikao, wanarudi nyumbani kunywa chai. Mvua ikinyesha, kikao kizima kinateremka kisimani.

"Baba mkwe wako ndiye spika," Winny aliongeza. "Anajua kunyamazisha watu."

Apeduno alisimama pale na daftari lake. Alikuwa amegundua chanzo cha ugonjwa kwa muda usiozidi saa tatu, jambo ambalo lingemfurahisha Nabwire, na hakujua ampelekee nani habari hiyo.

Alimpelekea mumewe. Ekisa alikuwa mbeba makaratasi wa wakala mmoja wa mizigo. Kazi yake ilikuwa kukimbia kati ya madereva na madirisha ya forodha, na hakuna afisa aliyemtisha. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho, akaweka kijiko chini.

"Mimi nimwambie baba yangu aende choo?" aliuliza. "Nianzie wapi?"

Hata hivyo alijaribu. Alitoka nje ambako mzee alikuwa ameketi, akavuta kigoda. Kutoka jikoni Apeduno alimsikia akizungumza juu ya mvua, kisha bei ya mbolea, kisha ligi ya Uingereza, kisha mvua tena. Baada ya nusu saa akaingia ndani na kusema kwamba mzee anaonekana amechoka, labda wiki ijayo.

* * *

Ugonjwa haukungoja wiki ijayo. Alhamisi mchana Sharlyne alirudi kutoka chekechea akiwa ameshikwa mkono na mwalimu, macho yameingia ndani, sketi imelowa. Ilipofika saa kumi alikuwa hawezi tena kushikilia tumboni hata ule mchanganyiko wa maji ya chumvi na sukari ambao mama yake alikuwa amewafundisha wanawake wa mtaa mzima kuukoroga. Alikuwa na miaka minne. Apeduno alimvuta ngozi ya tumbo kama alivyofundishwa, akaiona inakawia kurudi, akamfunga mgongoni na kukimbilia hospitali.

Alilazwa siku tatu. Dripu ilimwingia kwenye mguu kwa sababu mshipa wa mkono haukuonekana. Mzee Okwakol alikataa kwenda nyumbani. Alikaa upande wa pili wa kitanda, mgongo umegeukia alikokaa mkaza mwana wake kama adabu ilivyotaka, kofia mapajani, na mfuko wa mandazi ambayo mtoto hangeweza kuyala. Kila muuguzi aliyepita, mzee alimweleza maoni yake. Ugonjwa huu, alisema, umetoka ng'ambo ya mpaka. Siku zake Malaba hakuna kitu kilichopita bila kukaguliwa. Siku hizi maembe yanavuka, barafu za vijiti zinavuka, na watu hawanawi. Umevuka bila karatasi, ndivyo alivyosema, na alisema kwa uchungu wa mtu aliyeona kazi ya maisha yake ikiharibiwa na vijana.

Apeduno alisikia yote. Alikuwa akipepea inzi kwa kifuniko cha bakuli. Mara moja tu alifungua mdomo, neno likafika hadi kwenye meno, kisha akamwona mzee akiinama na kufunga kamba ya kiatu cha mtoto aliyelala, kiatu ambacho hakuna aliyekuwa anakihitaji, na neno likarudi.

Jumamosi Sharlyne aliomba uji. Jumapili walirudi nyumbani. Jumatatu asubuhi mzee Okwakol akachukua fimbo na redio.

Akarudi, akanywa chai, akaketi kwenye kiti chake mlangoni. Apeduno, aliyekuwa akifua, alitazama povu kwa muda. Kisha akajifuta mikono, akaingia chumbani kwa mlango wa nyuma, akavaa koti la kazi lenye maandishi mgongoni, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akabeba mkoba wa vifaa. Alitoka kwa nyuma, akazunguka ploti nzima kupitia barabarani, mbele ya jirani waliokuwa wakimshangaa, akaja kusimama mbele ya mlango wake mwenyewe.

"Hodi hapa," alisema.

Mzee Okwakol alimtazama. Akatazama nguo zilizoachwa kwenye karai. Akamtazama tena.

"Karibu," alisema polepole. "Ni nani?"

"Ni mhudumu wa afya wa mtaa, mzee. Natembelea nyumba zote. Natafuta mkubwa wa boma hili."

Ekisa, aliyekuwa ndani akitafuta soksi, alichungulia, akaona, akarudi kujificha nyuma ya kabati.

"Una kitambulisho?" mzee akauliza.

Apeduno akakivua, akakiweka juu ya kigoda ili mikono yao isigusane. Mzee alivaa miwani, akasoma mbele, akageuza akasoma nyuma, akalinganisha picha na uso kama alivyofanya kwa madereva kutoka Kampala hadi Kigali. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe na mwanawe, alimtazama mkaza mwana wake usoni. Kisha akakirudisha kigodani.

"Iko sawa. Keti, dada. Uliza."

Aliuliza kuhusu chandarua, naye akajibu. Aliuliza kuhusu kikohozi, naye akajibu. Aliuliza kuhusu goti, na mzee akalieleza goti kwa kirefu mno kwa sababu wote wawili walijua linalofuata. Mwishowe hakukubaki swali jingine la kujifichia.

"Je, kila mtu wa nyumba hii anatumia choo?"

"Watatu, ndiyo," mzee alisema. "Mmoja, hapana."

"Kwa nini huyo mmoja hatumii?"

Mzee alivua miwani akaifuta na shati. "Dada, wewe ni mtu wa serikali, kwa hivyo nitakueleza. Hapa kuna bibi ya kijana yangu. Msichana mzuri. Ananipikia, ananifulia, sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Sasa mtu kama huyo, nikutane naye mlangoni mwa choo mimi nimeshika karatasi? Atakuwa ananiona vipi akiniletea chakula? Hapana. Afadhali nitembee. Ni kwa ajili yake natembea."

Apeduno aliinamia simu ili mzee asimwone macho. Miezi mitano alikuwa amedhani ni ukaidi.

"Mzee, huko unakotembea, ni juu ya kisima," alisema. Akamweleza yote, kwa lugha ileile aliyoitumia kwa watu wa nyumba mia na mbili: mvua inateremsha kinyesi, kinyesi kinaingia kwenye maji, maji yanaingia kwenye vikombe. Hakuruka neno hata moja. Akamwambia wameugua thelathini na wawili, karibu wote watoto.

"Na wa nyumba hii?" mzee aliuliza. "Yule mdogo. Si alikula embe la ng'ambo?"

"Hakula embe, mzee. Alikunywa maji ya kisima. Mimi mwenyewe... mama yake alichota na hakuyachemsha vizuri, makaa yalikuwa yameisha."

Mzee Okwakol aliikunja miwani na kuitia mfukoni. Pikipiki zilipita barabarani zikiwa zimebeba matenga ya kuku kuelekea mpakani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hiyo fomu ya nyuma iliandika nini?"

"Iliandika ndiyo."

"Andika hapana. Karatasi ya uongo ni mbaya." Akasubiri hadi akaona kidole chake kimebonyeza. "Na sasa nenda, dada, una nyumba nyingi."

Apeduno alizunguka tena ploti, akavua koti, akarudi kwenye karai lake. Baada ya muda mzee alikohoa na kusema, akitazama barabara, kwamba alikuwa amekuja mama mmoja wa serikali.

"Alisema nini, papa?" Apeduno aliuliza, uso ukiwa kwenye nguo.

"Mambo ya watu wazima," mzee alijibu. "Mkali kidogo. Lakini anajua kazi."

* * *

Asubuhi ya pili, mzee hakwenda kijitoni, na ilikuwa siku ndefu kwa kila mtu. Alikaa wima kitini kama mtu anayepigwa picha, akakataa maharagwe, akakataa hata chai. Jioni Ekisa alimkodishia bodaboda hadi nyumba ya wageni ya rafiki yake karibu na maegesho ya malori, akatumie choo cha huko. Wote waliona kwamba mpango huo hauwezi kudumu.

Apeduno naye alikwenda zahanati akamwambia Nabwire ukweli: chanzo ni kichaka, kichaka ni wazee, na fomu yake ilikuwa ya uongo kwa miezi mitano. Alisema mbele ya wote, kwa kuwa kicheko cha kwanza kilikuwa mbele ya wote. Nabwire alimwondoa kwenye orodha ya waliopendekezwa kuwa viongozi wa vikundi, papo hapo, kwa kuchora mstari juu ya jina lake. Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye fomu ya kurekebisha. Wanawake wanne wakainua mikono, mmoja baada ya mwingine. Wote wanne walikuwa na baba mkwe nyumbani.

Chifu aliita baraza siku ya Ijumaa kisimani kwenyewe. Watu walifika wengi na kwa hasira, maana wengine walikuwa na watoto bado wodini. Kulikuwa na waliotaka kujua ni akina nani ili wapigwe faini. Kulikuwa na waliosema ni madereva wa malori, ni watu wa ng'ambo, ni wapangaji wapya. Nabwire alieleza kuhusu maji bila kumtaja mtu. Apeduno alisimama nyuma kabisa na Sharlyne mgongoni, akiomba tu mkutano uishe.

Mzee Okwakol akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la kwenda kanisani. Alijigeuza kwanza, ili mgongo wake uelekee alikosimama mke wa mwanawe, ndipo akasema.

"Msitafute madereva. Ni mimi. Miezi mitano nimekuwa nikija hapa juu. Mjukuu wangu alilazwa hospitali kwa sababu yangu, na watoto wenu pia. Faini yangu niko nayo."

Aliyekuwa akidai faini kwa sauti kubwa akaanza kuchunguza kiatu chake. Kisha, upande wa wanaume, mzee mwingine akashika bega la jirani yake akajiinua, magoti yakilia. Akafuata wa tatu. Wa nne alisaidiwa na fimbo ya wa tatu, na wa tano, mtu mkubwa wa mwili, aliinuliwa na watu wawili, akasimama huku akihema. Walisimama wima hivyo, watano, katika nguo zao nzuri, wakitazama mbele.

Mwisho akasimama Ogutu, seremala wa zamani mwenye nyumba yake mwenyewe ng'ambo ya barabara. Hapo watu wakaanza kunong'ona. Chifu alimwambia aketi tu. Kila mtu anajua wewe huishi na bibi ya kijana, alisema. Una choo chako, cha matofali.

"Ninacho," Ogutu alikubali.

"Sasa ulikuwa ukifuata nini kichakani?"

Ogutu aliangalia wenzake watano. "Pale kwangu hakuna mtu wa kuongea naye asubuhi," alisema.

Mtu fulani alicheka, lakini kicheko hakikupata mwenzake. Nabwire alikuwa wa kwanza kupata wazo. Alimuuliza Ogutu, kwa upole ambao wahudumu wake hawakuwahi kuusikia, kama choo hicho kina nafasi ya watu wengine.

"Kina milango miwili," Ogutu alisema. "Mmoja wa mke wangu. Tangu afariki sijaufungua."

Aliufungua Jumamosi. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi zitiwe mafuta, na wazee wote sita walikuwapo kutoa maoni juu ya namna ya kuzitia.